Skripti Moja, Mifumo Mitatu: Kusoma Ingizo Sanifu kwa Python

Umeandika skripti kwenye Linux, ikakubali. Ukampelekea mwenzako mwenye Windows, ikamgomea. Mara nyingi kosa haliko kwenye hesabu zako. Liko pale skripti inapopokea data.

Kila programu inapoanza, mfumo endeshi huipa njia ya kupokelea maandishi. Njia hiyo ndiyo ingizo sanifu. Usipoielekeza kwingine, imeungwa na kibodi. Ukiielekeza, husoma faili au matokeo ya programu nyingine, na skripti haina haja ya kujua data imetoka wapi.

Utahitaji nini? Python 3.7 au mpya zaidi. Inapatikana bure python.org, gharama ni bando tu. Linux nyingi za mezani huja nayo. Mwenye simu ya Android anaweza kuweka Termux, nayo ni bure, aandike pkg install python, kisha afuate maelezo ya Linux.

Fungua faili jipya, liite orodha.py, uandike:

import sys
sys.stdin.reconfigure(encoding="utf-8-sig")
for mstari in sys.stdin:
    jina = mstari.rstrip("\r\n")
    print(jina + " amefika")

Kando yake weka majina.txt, jina moja kila mstari. Kwenye Linux na macOS andika:

python3 orodha.py < majina.txt

Kwenye Command Prompt ya Windows:

py orodha.py < majina.txt

Alama < inasema "soma kutoka humu". PowerShell huikataa, kwa hiyo humo andika cmd /c "py orodha.py < majina.txt". Wapo wanaopendelea Get-Content majina.txt | py orodha.py. Inafanya kazi, ila PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, hugeuza njiani herufi zisizo za kawaida kuwa alama za kuuliza. Mimi nisingeitegemea.

Na nikitaka kuandika kwa kibodi? Endesha bila < na jina la faili. Skripti itanyamaza, haijakwama, inakungoja. Andika majina, ukibonyeza Enter kila baada ya jina. Ukimaliza, kwenye Linux na macOS bonyeza Ctrl+D mwanzoni mwa mstari mtupu (kwenye Mac pia ni Control, si Command). Kwenye Windows ni Ctrl+Z, kisha Enter. Usizichanganye: Ctrl+Z kwenye Linux haimalizi ingizo, husimamisha programu na kuiacha ikining'inia. Ikikutokea, andika fg irudi.

Ile rstrip ni ya nini? Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, \r na \n. Linux na macOS hutumia \n peke yake. Python ya Windows huiondoa \r yenyewe inaposoma ingizo sanifu. Ya Linux huiacha. Basi faili la Windows likisomwa kwenye Linux na ukaondoa \n peke yake, \r hurudisha kishale mwanzo wa mstari na neno "amefika" huandikwa juu ya jina. Majina yakiwa mafupi, utaona safu ya "amefika", wenyewe hawaonekani.

Mstari wa reconfigure unahusu usimbaji, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa namba. Windows hudhani mara nyingi kwamba faili limetumia usimbaji wake wa zamani. Herufi za Kiswahili hazina vialama, kwa hiyo ni rahisi kudhani jambo hili halituhusu. Linatuhusu. Andika Wang’ombe kwa Word: kibainishi kinapinda chenyewe, na bila mstari ule jina linaweza kutoka Wangâ€™ombe. Kipande cha -sig huondoa alama fiche ambayo baadhi ya programu huiweka mwanzoni mwa faili. Mstari huu ukae kabla hujasoma chochote, kwani ukishaanza kusoma Python haikubali tena kubadili usimbaji.

Ukikuta skripti ya mtu inafungua /dev/stdin, usiiige: Windows haina njia hiyo. sys.stdin ipo kwenye mifumo yote mitatu.