Krismasi Yako Katika Nyumba ya Watu

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Muscat, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema hii itakuwa Krismasi yako ya kwanza nje ya Taita, kwamba katika nyumba unayofanyia kazi tarehe 25 Desemba ni siku kama siku nyingine, na kwamba unaona haya kumwomba mama mwenye nyumba ruhusa kwa sababu "mimi nimeletwa kwa sikukuu zao, si kwa zangu". Maneno hayo yamenikaa kifuani. Ngoja nikusimulie habari za rafiki yangu Mfilipino aliyepita njia hiyo hiyo katika nyumba ya Wachina, Hong Kong.

Nilimfahamu nilipokuwa nasoma huko. Jumapili, siku yao ya ofu, wanawake wa Kifilipino hujaa eneo la Central. Barabara ya Chater hufungwa magari, nao hutandika maboksi chini, hula pamoja, hutengenezana nywele, hufunga mizigo ya kupeleka kwao. Mimi nilikuwa mpita njia tu mwenye njaa na upweke. Aliniona nimesimama, akasogea kwenye boksi lake, akanipa sahani.

Nikawa namwita Ate, yaani dada mkubwa kwa Kitagalogi. Akaniambia kwamba hata watoto wa bosi wake humwita dada, *je-je*, kwa Kikantoni. Nikamwambia na kwetu angeitwa dada, dada wa kazi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi mimi ni dada wa watu wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza sikukuu yangu ni lini."

Kwao Krismasi haingoji Desemba. Nyimbo zake huanza kusikika Septemba. Kuanzia tarehe 16 Desemba hadi 24 huamka gizani kwenda kwenye misa 9 za alfajiri wanazoziita Simbang Gabi, na nje ya kanisa huuzwa vitumbua vya mchele vya moto. Madirishani hutundikwa parol, taa za umbo la nyota. Usiku wa 24, ikifika saa sita, familia nzima huketi mezani. Ate alifika Hong Kong na yote hayo moyoni, akaingia katika nyumba iliyokuwa ikingoja siku nyingine kabisa.

Siku hiyo ni Dongzhi, ya usiku mrefu kuliko zote za mwaka, ambayo kwa kawaida huwa tarehe 21 au 22 Desemba. Baada yake mwanga huanza kurudi kidogo kidogo. Wakantoni husema ni kubwa kuliko hata mwaka mpya. Ofisi nyingi huwaachia watu mapema wawahi chakula cha jioni kwao, na atakayekosekana mezani ataulizwa kwa nini.

Sasa sikia hili vizuri. Sheria ya kazi ya Hong Kong humpa mfanyakazi mapumziko ya Dongzhi au ya Krismasi, moja kati ya hizo, na mwajiri ndiye anayechagua. Ate hakulijua. Mwaka wake wa kwanza alipewa siku ya Dongzhi, akashangaa na kushukuru, akidhani ni ukarimu. Jioni alirudi akakuta vyombo vya karamu vimerundikana vinamsubiri. Usiku wa 24 akaambiwa kesho ni kazi kama kawaida, kwani siku yake ilishakwisha. Saa ya Hong Kong na ya Manila ni moja, mdogo wangu. Dakika ile ile mama yake alipokuwa anapakua, yeye alikuwa anasugua sufuria. Hakumwambia mtu. Mimi mwenyewe aliniambia Februari.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako: omba siku yako mapema, uiombe kwa jina lake. Mwaka wa pili Ate alizungumza na bosi wake Oktoba, watoto wakiwa wamelala, si kwa kukimbizana jikoni. Alisema: "Kwetu Krismasi ndiyo siku ya kuwa na mama. Nipe hiyo, na Dongzhi nitapika kwa moyo wote." Bosi alikubali pale pale. Hakuwa amemnyima kwa ubaya, hakujua tu uzito wake. Wapo wanaojua na bado wakanyima, sitakudanganya. Lakini usimhukumu mama mwenye nyumba wako kabla hujafungua mdomo.

Sheria ya Oman si ya Hong Kong, kwa hiyo soma mkataba wako, ujue siku zako za mapumziko ni zipi, na ikiwa lugha inakushinda mtafute wa kukusomea. Hong Kong mwajiri haruhusiwi kuinunua sikukuu ya mfanyakazi kwa pesa, lazima ampumzishe. Na tangu 2024 wameongezewa siku ya kwanza ya kazi inayofuata Krismasi. Ate alilia kwa furaha aliponiandikia habari hiyo.

Neno la pili utaliona gumu: ukishapata siku yako, ingia katika sikukuu yao kwa mikono yote miwili. Usikae pembeni umenuna kana kwamba chakula chao kitakutoa kwenye dini yako.

Mwaka ule wa pili bibi wa nyumba, waliyemwita Popo, alimkalisha Ate jikoni wakatengeneza *tong yuen*. Ni unga wa mchele wa kunata, unaukanda kwa maji ya moto, unaweka ufuta mweusi uliotwangwa na sukari katikati, unaviringisha viganjani mpaka upate kidonge cha duara, kisha unachemsha vidonge hadi vielee. Huliwa na mchuzi mtamu wa tangawizi, maana baridi ya Hong Kong si ya theluji lakini nyumba nyingi hazina cha kupashia joto, na vidole vinakufa ganzi. Duara lake ni familia iliyokamilika, na hata jina lake linasikika karibu sawa na neno lao la kukutana tena.

Ate aliviringisha cha kwanza, akasimama. Mikono yake ilikuwa inaijua kazi hiyo. Kwao ni bilo-bilo, vidonge vile vile, ila huvipika kwa tui la nazi pamoja na ndizi, viazi vitamu na fenesi. Wewe na mimi tunaujua utamu huo wa viazi na tui bila kufundishwa. Akamwomba Popo sufuria ndogo na nazi. Popo alikula mabakuli mawili, na kuanzia hapo kila Dongzhi sufuria zilikuwa mbili.

Kisha huja mwaka mpya wao, kati ya 21 Januari na 20 Februari. Kabla yake nyumba husuguliwa mpaka darini, na hiyo kazi ni ya dada wa kazi, tusifichane. Lakini siku ya kwanza ufagio haushikwi, usije ukafagia bahati nje. Ate aliamka na mazoea yake, akaanza kufagia sebule, Popo akamnyang'anya ufagio akitetemeka. Ate alihisi ametukanwa, kumbe alikuwa analindwa pamoja nao. Huko kwako pia kutakuwa na mambo ya namna hiyo ikifika Ramadhani na Idi. Uliza kabla, na ukikosea omba radhi mara moja, usijieleze sana.

Utakuta wakarimu pia. Wachina hutoa *lai see*, bahasha nyekundu yenye noti mpya. Inapokelewa kwa mikono miwili, wala hufungui mbele ya aliyekupa. Ate alizipenda, na alijifunza kuhesabu vizuri: bahasha ni zawadi, mshahara ni mshahara. Atakayekupa zawadi ya Idi akitaka ikae badala ya malipo yako, rudisha mazungumzo kwenye mkataba. Na ukisikia "wewe ni mtoto wa nyumba hii" usiku wa manane ukiwa bado umesimama tangu alfajiri, furahia upendo, kisha ukalale. Mtoto wa nyumba naye hulala.

Makanisa yapo Ruwi, huko huko Muscat, na humo utawakuta Wafilipino. Watafute siku moja kabla Desemba haijafika, watakukaribisha kula. Muscat iko saa moja mbele ya Taita, kwa hiyo mama yako akitoka kwenye mkesha saa sita, kwako itakuwa saa saba. Omba hiyo saa tangu sasa, simu iwe na chaji.