Pombe, huzuni na ubongo unaowaka



Katika mabaraza ya amani tunasikia mara nyingi: baba fulani alikimbia vita, akapoteza shamba, sasa anakunywa kanyanga tangu asubuhi, anapiga mke, anagombana na wenyeji waliompokea. Watu wanasema ni tabia mbaya. Tunawaomba mwangalie pia mwili wake.

Kidonda kikiingiwa na uchafu kinavimba na kuwa moto, kwa sababu askari wa mwili wanapigana. Tuite hali hiyo mwako. Askari hao wanatuma ujumbe kwa njia ya damu mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana mgonjwa wa malaria hataki kula wala kuongea, anajikunja peke yake. Huo si uvivu.

Pombe kali ya kila siku inalegeza ukuta wa matumbo. Vipande vya vijidudu vinapita na kuingia damuni, ini linachokozwa, na mwako unaanza pasipo kidonda. Ndani ya ubongo kuna chembe za ulinzi, nazo zinaamka. Mtu anakosa usingizi na furaha, hamu ya chupa inaongezeka. Anakunywa ili atulie, kumbe anatia kuni. Masumbuko ya muda mrefu, hata bila pombe, yanaweza kuwasha moto huo huo.

Waganga waliona jambo hili kwa wagonjwa wa hepatiti C. Walipochomwa sindano za interferoni, ambazo zinaamsha askari wa mwili, wengi walishikwa na huzuni nzito. Lakini tusizidishe: kati ya wenye huzuni nzito, karibu robo tu wanaonekana na mwako wa wazi katika damu. Kwa hiyo msinunue diklofenaki au ibuprofeni sokoni ili kutibu huzuni. Pamoja na pombe, vidonge hivyo vinatoboa tumbo.

Mke na watoto wanaopigwa wapelekwe kwanza mahali salama. Ugonjwa wa baba hauondoi haki yao.

Viongozi, msimfungie mlevi wa miaka mingi katika kasho ili aache ghafla. Katika siku nne za kwanza anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe kituo cha afya, aache chini ya uangalizi, apewe vitamini B1. Mwambieni muganga bila kuficha anakunywa kiasi gani, na alikunywa lini mara ya mwisho.