Amenirudishia nauli niliyomtumia. Je, amekasirika?

Kwako shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina duka la vipuri vya magari hapa Eldoret. Ndoa yangu ilivunjika miaka minne iliyopita. Wiki sita zilizopita nilikutana na mwanamke kwenye programu ya kutafutia wachumba. Ana miaka 51, ni mjane, ni mwalimu na anaishi upande wa Turbo. Watoto wake wamekua. Katika ujumbe wangu wa kwanza nilimwita "mamaa", akanyamaza siku mbili. Baadaye tulizoeana na sasa tunaandikiana WhatsApp karibu kila usiku.

Juzi nilimwomba picha "za kwangu tu, si zile za watu wote". Akajibu kwamba zilizopo zinatosha. Ili ajue nia yangu ni njema, nilimtumia shilingi elfu moja za nauli aje Jumamosi tule chakula cha jioni. Nilikuwa nimepanga hoteli moja tulivu nje ya mji, yenye vyumba, ili usiku ukiingia asihangaike. Jina la hoteli sikumwambia, nilitaka iwe sapraizi. Alirudisha pesa zote papo hapo akaandika: "Nauli ninayo. Tutaongea." Tangu hapo majibu yake ni mafupi.

Marafiki zangu wananicheka, wananiita Ben 10, eti natafuta wa kunilea. Mimi napenda wanawake watu wazima kwa sababu hawana maringo wala hawaombi vocha. Je, amekasirika? Nimpeleke wapi? Na nimwiteje?

Mwenye vipuri, Eldoret

SHANGAZI ANAJIBU

Hajakasirika. Katika nchi hii mwanamke aliyekasirika harudishi nauli, anaila. Unavijua vichekesho vya wanaume waliosimama stejini hadi magharibi huku nauli yao ikinunua chipsi mji mwingine. Huyu amekurudishia elfu moja yako nzima, na ada ya kutuma ameitoa mfukoni mwake. Mimi namsoma hivi: nitakuja kwa miguu yangu, na nitaondoka kwa miguu yangu. Ukilielewa hilo, maswali yako mengine yatakuwa mepesi.

Sasa tuitazame Jumamosi yako kwa macho ya mtu anayetoka Turbo. Anakwenda kukutana na mwanamume ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana. Saa ni za usiku. Mahali ni nje ya mji, jina hajaambiwa, na huko huenda usiku hakuna matatu. Kuna vyumba. Nauli imelipwa na mwenyeji. Wewe unasema "asihangaike", lakini mpango mzima umeufunga mlango wa kutokea. Sisemi ulikusudia ubaya. Nasema yeye hana namna ya kulijua hilo, na kutokujua huko kuna historia katika ukanda wetu huu.

Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia Olimpiki ya Paris, alifariki hapa hapa Eldoret katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake. Januari 27, 2024 wanawake wa Nairobi na miji mingine walijaa barabarani kupinga mauaji ya wanawake, na miongoni mwa vifo vilivyowatoa nyumbani kulikuwa na cha msichana aliyeuawa katika nyumba ya kukodi ya muda mfupi. Mwanamke wa miaka 51 amezisikia habari hizi zote. Amehudhuria mazishi, amechangia, amewaonya binti zake. Haiwezekani awaonye wao kisha yeye apande bodaboda usiku kuelekea hoteli isiyo na jina.

Kwa hiyo anza upya. Mchana. Jumamosi saa nne au saa tano asubuhi ndiyo saa ya busara. Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na msimu wa mvua kukinyesha alasiri hata aliyezaliwa Kapsoya hutetemeka. Usimkalishe mtu kwenye bustani ya hoteli na blauzi yake nzuri huku meno yakigongana. Jumapili usiiguse kabla hujajua ibada yao huisha saa ngapi, maana ibada nyingine hapa zikianza hazina breki. Mahali pawe katikati ya mji, pa wazi, penye watu, hatua chache kutoka anaposhukia na anapopandia gari. Mkahawa wa ghorofani pale Zion Mall au Rupa's utafaa, ila mimi ningempa majina mawili na kumwachia nafasi ya kutaja la tatu. Yamkini atalitaja.

Ana sababu. Tangu Agosti 15, 2024 Eldoret ni jiji, lina hati yake kutoka mkono wa rais, lakini macho yake bado ni yale ya Sisibo, shamba namba 64 lililozaa mji huu, ambapo kila mtu alimjua ng'ombe wa kila mtu. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi hawezi kuvuka Uganda Road bila kuamkuliwa na mwanafunzi wake wa zamani, mmoja akiuza viatu, mwingine akiwa askari wa trafiki. Pengine atapenda mahali ambapo hajulikani sana, pengine atapenda pale ambapo mhudumu anamwita mwalimu na atamlinda kwa jicho. Uamuzi huo ni wake, usimfanyie kwa kumwonea huruma. Na kaeni pande mbili za meza, yeye akiuona mlango.

Muwekeane muda pia. Saa moja na nusu inatosha. Watu husahau kwamba mkutano wa kwanza wenye mwisho unaojulikana humtuliza hata yule anayetamani uendelee. Kabla ya siku hiyo mpigie simu ya video, dakika tano tu, aone kwamba uso wa kwenye picha ndio wako. Hii inakulinda na wewe. Umeniandikia kana kwamba hatari yote ni ya kwake, lakini wanaume wangapi mjini humu wamewekewa "mchele", ile dawa ya kulewesha, kwenye kinywaji na kuamka bila simu, bila pochi, na akaunti ya benki imekauka? Kila mtu na kikombe chake mbele ya macho yake. Na mwambie ndugu yako mmoja uko wapi, kama ambavyo yeye bila shaka atamwambia binti yake.

Suala la picha. Ulijua ulichokuwa unaomba, na mimi nimekijua, na mwalimu amekijua kabla yetu sote. Tangu 2018 Kenya ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni. Anayesambaza picha za faragha za mtu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini faini haimrudishii mwalimu heshima yake picha ikishazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Gredi ya Sita. Muombe radhi kwa sentensi moja. Usieleze ulichomaanisha, maelezo yatachafua zaidi.

Kuhusu kumwita. "Mamaa" ni neno la kumpungia mtu sokoni. "Mama" ni heshima kubwa, lakini ukimwita mama umejiweka miongoni mwa watoto wake, na nijuavyo mimi hukwenda kwenye programu ile kutafuta mzazi. "Babe" bado hujaruhusiwa. "Madam" anaitwa kutwa nzima shuleni, mwache apumzike. Ana jina, ameliandika mwenyewe kwenye ukurasa wake ili watu walitumie. Muulize: ungependa nikuiteje? Mjane wa miaka 51 huenda ameitwa mama fulani kwa miaka thelathini, na sitashangaa swali hilo likimfurahisha kuliko chakula chochote cha jioni.

Nimebakiza neno lililonikera kwenye barua yako. Eti wanawake watu wazima "hawana maringo wala hawaombi vocha". Unamsifu kama mtu anayesifu aina ya ng'ombe: haugui, hali sana, maziwa tele. Wako wenye miaka 51 wenye maringo kushinda twiga, na Mungu awazidishie. Huyu wako sijui ana maringo gani kwa sababu hujaniambia lolote analolipenda. Wiki sita za mazungumzo ya kila usiku, na barua nzima haina wimbo anaoupenda, kitabu, mbegu ya mahindi aliyopanda, wala kitu kinachomchekesha. Anafundisha somo gani? Kama hujui, hayo ndiyo mazungumzo ya Jumamosi. Marehemu mumewe usimchimbe, akimtaja, sikiliza. Wahenga walisema utu uzima dawa, lakini hata dawa mtu husoma kwanza maandishi ya kwenye chupa.

Nilitaka kukuletea na mfano wa marathoni, usikimbie kilomita ya kwanza kwa kasi ya mwisho. Lakini Eldoret mfano huo umechoka kuliko wakimbiaji wenyewe.

Marafiki zako waache. Wanaume wa hapa wanaoa wasichana wadogo kwao kwa miaka ishirini na hakuna anayewatafutia jina la katuni. Angalia tu usije ukawapelekea taarifa dukani Jumatatu.

Sasa mwandikie, na usingoje usiku wa manane. Unaweza kuanza hivi: "Nimefikiria mwaliko wangu, nikaona sikuupanga vizuri. Zile picha pia sikupaswa kuziomba, samahani. Ningependa tunywe chai mjini Jumamosi saa tano, mahali utakapopenda wewe, saa moja na nusu hivi. Kama siku hiyo haikufai, niambie itakayokufaa. Na kama hujisikii bado, nitaelewa." Halafu tulia. Akijibu kesho kutwa, usimuulize alikuwa wapi.

Akija, mwishoni muulize kama angependa umsindikize stejini. Akisema hapana, agana naye hapo mlangoni pa mkahawa. Ile elfu moja aliyokurudishia bado iko kwenye simu yako, lipia chai. Akitaka kulipia mandazi, mwache alipe.