"Rice" Moja, Maneno Matatu ya Kikhmer

Ndugu zangu wanafunzi, safari hii somo la lugha limetokana na kosa langu mwenyewe.

Ramadhani iliyopita nilimsaidia mwenzangu wa bweni, Mcham kutoka Kambodia, kutafsiri karatasi ya Kiingereza ya Zakatul-fitri ili awatumie jamaa zake. Iliagiza kila mtu atolewe pishi moja ya "rice", takriban kilo 2.5 hadi 3. Nikafungua kamusi, nikaandika bay (បាយ). Akacheka: "Ndugu yangu, watu wapeleke masufuria msikitini?"

Kumbe bay ni wali. Mchele ni angkâr (អង្ករ), na mpunga ni srov (ស្រូវ). Kiingereza kinameza yote matatu kwa neno moja; sisi na Wakhmer tunayatenganisha. Maneno ninayo tangu utotoni, ila nilipitia Kiingereza!

Bay ina mengi: chumba cha kupikia ni phteah bay, nyumba ya wali, na nyam bay, kula wali, ni kula chakula chochote.

Lakini uzito uko shambani. Katika madhehebu ya Shafii, yetu wengi na ya Wacham wengi, nisabu ya nafaka ni wasaq 5, yaani pishi 300. Mpunga uliohifadhiwa na maganda yake hufikia nisabu kwa wasaq 10. Basi mkulima akiandikiwa srov palipokusudiwa angkâr, atadaiwa zaka isiyomlazimu.

Tulifuta bay kwa kalamu, tukaandika angkâr, karatasi ikaenda.