Kabla hujasema "picha kali"

Musoma imekaa upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, kwa hiyo kila jioni jua linazamia majini mbele ya mji mzima. Ndiyo maana kila mwenye simu mjini ana picha ile ile: anga jekundu, maji, na mtumbwi mweusi. Akikuonyesha utasema "picha kali!", au utauliza "mbona giza?" Jibu la kwanza litamfurahisha, la pili litamnyong'onyesha, na hakuna hata moja litakalomsaidia kesho akirudi ufukweni Mwigobero saa kumi na mbili na nusu.

Maoni yanayofaa ni yale ambayo mwenzako anaweza kuyafanyia kazi kwa miguu yake: asogee wapi, ainame kiasi gani, arudi saa ngapi. Ili ufike hapo, anza kwa kumuuliza, "Ulitaka nione nini?" Tuseme anakujibu, "Wavuvi wanaoondoka kwenda kuvua dagaa." Sasa tazama tena. Jua limekaa katikati na kumeza kila kitu, wavuvi wako pembeni kabisa, mmoja kakatwa kichwa. Mwambie ulichokiona, kwa mpangilio ulivyokiona: "Jicho langu limeenda kwenye jua likabaki huko. Wavuvi nimewaona baada ya wewe kuwataja." Hujamwambia picha yake mbaya. Umempa habari ambayo yeye mwenyewe hawezi kuipata, kwa sababu alikuwepo, na aliyekuwepo huona hata kisichoingia kwenye picha. Ndipo uongeze la kufanya: awasubiri wapite kwenye mng'aro wa jua, au alipe jua mgongo kabisa apige nyuso.

Kosa dogo lisemwe kwa ufupi. "Ziwa limeinama kushoto, maji yatamwagika" inatosha. Mistari ya kumsaidia kunyoosha picha imo kwenye mipangilio ya kamera ya simu nyingi.

Kosa la nyuso ndilo linalostahili muda, maana ndilo linaloumiza. Mtu kasimama, ziwa liko nyuma yake, uso umetoka kama mkaa, na watazamaji wanaanza utani kuhusu weusi wake. Weusi hauhusiki. Kamera mara nyingi hupima mwanga wa picha nzima; ikikuta anga na maji yanang'aa, inapunguza mwanga, na uso unazama. Historia nayo haikutupendelea: kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizozoeleka kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zikaachwa zijitafutie. Kwa hiyo usiseme "umemfanya mweusi mno". Sema "uso umekosa mwanga, gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga". Au mshauri amgeuze mtu wake, anga limulike uso badala ya kisogo. Na ukiona macho yamegeuka mashimo mawili, uliza picha ilipigwa saa ngapi. Mkoa wa Mara uko karibu sana na ikweta. Jua la hapa linafika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, na hapo kofia au mtandio huangusha kivuli hadi kidevuni. "Msogeze chini ya mwembe" ni maoni mazuri kuliko aya nzima ya ufundi.

Mkosoaji anayesahaulika ni aliyepigwa picha. Wanawake wanaoanika dagaa mwaloni wamepigwa picha nyingi kuliko walizowahi kuonyeshwa. Toa shikamoo, omba ruhusa, na ukishapiga mpe simu atazame. Usimuulize kama ameipenda; atasema "nzuri, mwanangu" na kukurudishia simu. Muulize hivi: "Mama, mtu wa Dodoma akiiona hii, atajua unafanya kazi gani?" Hapo utasikia mambo. Atakwambia dagaa hao bado wana maji, umekuja mapema, anayewajua hawezi kuwanunua. Atakwambia umempiga kwa juu akiwa ameinama, anaonekana kama anaokota vya wenzake vilivyomwagika, ilhali mzigo wote ule ni wake. Hilo la mwisho ni somo zima la mahali pa kuiweka kamera, lisilo na neno hata moja la kitaalamu. Chuchumaa, kamera iwe usawa wa macho yake, na chanja ionekane hadi mwisho ili mtazamaji aone ukubwa wa biashara.

Kuna suala la umri. Mikoa mingine hututania kwamba watu wa Mara hatuzungushi maneno. Sawa, lakini "hii takataka" si kusema wazi, ni kuishia njiani, na kwa mzee ni utovu wa adabu. Chukua picha ambayo familia nyingi zilizozuru Butiama zinayo: watu kumi na watano wamejipanga mbele ya kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, nyuso ndogo, na kaburi lenyewe limefichwa na watu. Kama mpigaji ni baba yako mkubwa, subiri mbaki wawili. "Baba, nimependa ulivyowaweka watoto mbele. Ulitaka nyuso zao, au mahali?" Akilitafakari swali hilo, atajiambia mwenyewe kwamba zilitakiwa picha mbili.

Kama mko kikundi na mnaogopana, fanyieni mazoezi picha isiyo ya mwanakikundi yeyote. Ile ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 inafaa sana, kila mtu anaijua. Jicho linaanzia wapi? Kwangu linaanzia mikononi. Ingepoteza nini kama mpigaji angewasimamisha wote waitazame kamera?

Sasa zamu yako ya kukosolewa. Kwanza funga mdomo. Jua lilikuwa kali, simu ni ya zamani, mtumbwi ulikuwa unakimbia: yote huenda ni kweli, lakini hutakuwepo kumweleza kila atakayeitazama picha. Kama mkosoaji yuko mbali, mtumie kwa WhatsApp kama faili, la sivyo picha hubanwa na atalaumu ukungu ambao hukuuweka. Mpe mipaka: "Niangalizie mwanga tu, rangi iache." Wawili ambao hawakusikilizana wakitaja doa moja, doa hilo lipo. Kila mmoja akija na lake, chagua. Una ruhusa ya kukataa; yuko anayetaka kila picha ing'arishwe kama ya harusi, mshukuru uendelee na safari.

Na kubali kwamba nyingine hazitengenezeki. Nyumbu aliyepigwa kutoka dirishani mwa basi karibu na lango la mbuga la Ndabaka, kioo kina vumbi na simu imevutwa hadi mwisho, hana dawa, kwani simu ikishapita uwezo wa lenzi yake inapanua tu ilichonacho. Mtu wa Bunda akikwambia "hii iache", amekuokolea muda. Safari nyingine usivute. Acha mbuga iwe kubwa na mnyama awe mdogo kwa makusudi.

Katika maoni yote uliyopewa, beba moja tu. Rudi mahali pale pale, saa ile ile, upige upya ukilifanyia kazi hilo peke yake, na usifute ya zamani. Kisha mwonyeshe mkosoaji wako zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akishindwa kuitambua mpya, hamkuelewana. Mwombe aiguse kwa kidole ile sehemu aliyokuwa anaisema.