Visiwa vya Kongosho: Homoni, Sukari na Jina la Ugonjwa

Makala haya yanalenga kueleza jinsi kongosho linavyodhibiti sukari katika damu, na kubainisha jinsi jina kisukari linavyoweza kumpotosha asiyeifahamu kazi hiyo.

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula. Mnamo 1869, Mjerumani Paul Langerhans, akiwa angali mwanafunzi, alieleza vikundi vya seli vilivyotapakaa ndani yake. Baadaye vikundi hivyo viliitwa visiwa vya Langerhans. Neno insulini lenyewe lina asili ya Kilatini, insula, yaani kisiwa.

Katika visiwa hivyo, seli za beta hutoa insulini, ilhali seli za alfa hutoa glukagoni. Mtu alapo ugali, wanga humeng'enywa ukawa glukosi na kuingia katika damu. Kiwango kipandapo, insulini huiwezesha misuli kuipokea glukosi, na hulichochea ini kuihifadhi kama glikojeni. Kiwango kielekeapo kushuka usiku, glukagoni hulichochea ini kuivunja akiba hiyo na kuunda glukosi mpya. Kwa mvutano huu, mtu mzima mwenye afya huamka akiwa na miligramu 70 hadi 99 za glukosi katika kila desilita ya damu.

Jina kisukari hutaja dalili, halitaji chanzo. Ndipo baadhi ya watu hudhani kwamba kuacha sukari katika chai kunatosha. Sivyo. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu, kinga ya mwili huziangamiza seli za beta. Hata mgonjwa asipoonja sukari, ini huendelea kumwaga glukosi kwa kukosa kizuizi. Katika aina ya pili, mwili hauiitikii insulini ipasavyo, na seli za beta hulemewa hatua kwa hatua. Kabla ya kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, kudungwa insulini mjini Toronto mnamo Januari 1922, wagonjwa walipunguziwa chakula mno. Siku zao ziliongezeka kidogo, lakini hawakupona.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayetafsiri maelezo ya hospitalini hana budi kutahadhari. Akiandika "usile sukari" pasi na kuitaja insulini, mgonjwa aweza kuiacha dawa inayomweka hai. Jina kisukari limekwisha kuota mizizi, wala halihitaji kung'olewa, linahitaji kufafanuliwa.