Kupima Dawa ya Maji Nyumbani: Somo la Vipimo na Tarakimu Muhimu



Katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta wilayani Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, maji hufika nyumbani kwa njia nyingi: bomba, kisima kirefu cha jirani, boza, au madumu yanayosukumwa kwa mkokoteni. Usalama wa maji hayo haulingani. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar. Kinga iliyo mikononi mwa kila kaya ni kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia klorini. Kuchemsha hakuhitaji hesabu. Klorini yahitaji, kwa kuwa ikipungua vijidudu hubaki hai, nayo familia hunywa ikidhani imejikinga. Ikizidi, maji hunuka, huwasha koo, na watu huyakimbilia yasiyotiwa dawa.

Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa huwa na maelekezo kwenye lebo. Yafuatwe hayo kwanza. Lakini lebo nyingi huandikwa kwa ndoo ya lita 20, ilhali chombo chako chaweza kuwa pipa au tangi. Ndipo somo hili linapohitajika.

1. Namba isiyo na kipimo haina maana

Kubadili vipimo si jambo geni kwetu. Wazee wa pwani walijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, wala hakuna aliyeuza pishi kwa bei ya kibaba. Leo vipimo vyetu ni hivi:

- Mita 1 ya ujazo = lita 1,000. Hii ndiyo uniti moja katika ankara ya maji, sawa na madumu 50 ya lita 20.
- Lita 1 = mililita 1,000.
- Gramu 1 = miligramu 1,000.
- Kijiko cha chai cha kupimia dawa = mililita 5. Vijiko vya jikoni havilingani, hivyo visitumike.

Tahadhari moja: mita 1 ina sentimita 100, lakini mita 1 ya ujazo haina sentimita 100 za ujazo. Ina 100 × 100 × 100, yaani sentimita za ujazo 1,000,000. Wanafunzi wengi hukosea hapa, na wachanganyaji wa dawa vilevile.

2. Hesabu ya ndoo moja

Kiasi kinachotumika sana kwa maji maangavu ya nyumbani ni miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Kwa maji yenye ukungu, baada ya kuyaacha yatuame na kuyachuja kwa kitambaa safi, kiasi hicho huongezwa mara mbili, yaani miligramu 4 kwa lita.

Tuseme una ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, na dawa ya maji yenye klorini asilimia 3.5. Asilimia hiyo maana yake ni gramu 3.5 za klorini katika kila mililita 100 za dawa.

Hatua ya kwanza: klorini inayotakiwa ni lita 20 × miligramu 2 kwa lita = miligramu 40.

Hatua ya pili: ukali wa dawa. Gramu 3.5 ni miligramu 3,500. Gawanya kwa mililita 100, upate miligramu 35 katika kila mililita.

Hatua ya tatu: dawa ya kutia ni miligramu 40 ÷ miligramu 35 kwa mililita = mililita 1.142857.

Tazama jinsi vipimo vinavyofutana: miligramu kwa miligramu, ikabaki mililita peke yake. Jibu likibaki na kipimo usichokitarajia, hesabu imeharibika. Rudi mwanzo kabla hujafungua chupa.

3. Tarakimu zipi ziaminiwe?

Kikokotoo cha simu kimetoa tarakimu saba. Je, zote ni za kweli? La. Dumu likijazwa hadi mdomoni laweza kuzidi lita 20. Dawa iliyokaa juani au kwa muda mrefu hupungua ukali. Bomba la sindano la mililita 2 husomeka hadi sehemu ya kumi ya mililita tu. Tarakimu ambazo kipimo chenyewe kimezithibitisha huitwa tarakimu muhimu. Kanuni zake ni chache:

- Tarakimu zisizo sifuri zote huhesabiwa. Namba 3.5 ina mbili.
- Sifuri iliyo kati ya tarakimu nyingine huhesabiwa. Namba 205 ina tatu.
- Sifuri za mwanzo hazihesabiwi. Namba 0.05 ina moja.
- Sifuri ya mwisho baada ya nukta huhesabiwa. Namba 2.0 ina mbili. Aliyeiandika anasema amepima hadi sehemu ya kumi.
- Katika kuzidisha na kugawanya, jibu lisiwe na tarakimu muhimu nyingi kuliko kipimo chenye chache zaidi. Kadiria mwishoni, si katikati ya hesabu.

Tukichukua kwamba lita 20 zimepimwa hadi lita nzima, nacho kiwango cha miligramu 2 ni cha kuwekwa na si cha kupimwa, jibu letu lina tarakimu mbili: mililita 1.1. Kiasi hicho hutoa miligramu 1.9 kwa lita, tofauti ndogo isiyo na athari. Lakini anayesoma nukta vibaya akatia mililita 11 atapata takriban miligramu 19 kwa lita, mara kumi ya kilichokusudiwa. Basi jihadhari zaidi na mahali pa nukta na jina la kipimo kuliko tarakimu za mwisho za kikokotoo.

Ukishatia dawa, koroga, funika, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

4. Hesabu ya tangi

Tangi la mviringo lina kipenyo cha mita 1.2, na maji yamefika kina cha sentimita 90. Kabla ya yote, vipimo viwe vya aina moja: sentimita 90 ni mita 0.90. Nusu ya kipenyo ni mita 0.60.

Ujazo = 3.14 × 0.60 × 0.60 × 0.90 = mita za ujazo 1.017, yaani 1.0 kwa tarakimu mbili, sawa na lita 1,000.

Klorini inayotakiwa ni miligramu 2,000, yaani gramu 2.0. Ikiwa unatumia klorini ya unga yenye asilimia 65, gawanya 2.0 kwa 0.65, upate gramu 3.1 za unga. Anayesahau kugeuza miligramu kuwa gramu atatafuta kilo tatu za unga kwa tangi hilohilo. Jibu la namna hiyo likusimamishe.

Unga uyeyushwe kwanza katika ndoo ya maji, na mtu mzima aliyevaa glavu. Kwa kisima au tangi linalohudumia nyumba nyingi, mwone afisa afya wa kata.

5. Kabla ya kununua na kutumia

- Hakikisha lebo inaonyesha ukali wa dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS. Dawa isiyotaja ukali wake haiwezi kupigiwa hesabu.
- Usitumie dawa ya kung'arisha nguo yenye manukato au sabuni.
- Kamwe usichanganye klorini na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.
- Hifadhi dawa kivulini, mbali na watoto.

Zoezi

1. Ankara inaonyesha uniti 7. Hizo ni madumu mangapi ya lita 20?
2. Una pipa lenye lita 60 za maji maangavu na dawa ya asilimia 1.25. Utatia mililita ngapi?
3. Tangi la lita 5,000 limejaa nusu. Utahitaji gramu ngapi za unga wa asilimia 65, kwa mizani inayosoma gramu nzima?

Majibu

1. Lita 7,000 ÷ 20 = madumu 350.
2. Miligramu 120 ÷ miligramu 12.5 kwa mililita = mililita 9.6.
3. Lita 2,500 zahitaji gramu 5 za klorini. 5 ÷ 0.65 = 7.69, hivyo gramu 8.

Tunashauri ukurasa huu ubandikwe karibu na chombo cha maji, na kwamba kiasi kinachofaa chombo chako kiandikwe hapo kwa kalamu, pamoja na jina la kipimo chake.